Maji Katika Tangi la Sista Agnesi

Nimerudisha spana za watu. Nimebaki na zangu nne, na bisibisi moja iliyokatika ncha ambayo hakuna aliyeitaka. Wenzangu wa karakana mmeniambia, mzee, yaandike uliyoyaona, usije ukaondoka nayo. Haya. Mimi shule niliishia darasa la pili, na kusoma kwenyewe nilikuja kukumalizia ukubwani, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, nikiwa na ndevu, nimepangwa dawati moja na mama mkwe wangu. Mnaojua mkwe ni nini mtaelewa kwa nini nilijifunza haraka. Kwa hiyo mkiona nimepotea njia, ningojeni, nitarudi. Habari za vyeo sitaandika, sikupata vingi. Za mshahara mnazijua. Nitaandika habari za petroli.

Niliingia kazini mwaka ule ule wa Uhuru, kwenye gereji ya kando ya barabara ya Morogoro pale Kibaha, wakati Kibaha yenyewe bado ni pori na mashamba ya watu. Gereji ilikuwa bati sita na shimo moja. Mwenye kujua kazi alikuwa Fundi Kondo, mtu wa Marui, mfupi, mkavu, ambaye hakupenda mtu aongee akiwa ameshika kitu. Siku ya kwanza alinipa debe la nati na boliti, akanifunga kitambaa machoni, akasema, "Zitenge kwa ukubwa."

"Fundi, sioni."

"Ndiyo maana nimekufunga."

Nikadhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Nilizitenga siku nne. Miezi baadaye nimelala chini ya lori la korosho, mkono umeingia mahali ambapo jicho haliingii, nikatambua nati kwa kuipapasa tu. Fundi Kondo alikuwa amesimama juu anakunywa chai.

Kwenye petroli alikuwa na sheria moja: ifuate kutoka kwao. Kwao ni kwenye tangi. Anza na kifuniko cha tangi, uone kama kile kitundu chake cha kupumulia kimeziba, maana tangi lisipopumua halitoi. Toka hapo nenda kwenye bomba, kwenye pampu, kwenye chujio, na kabureta iwe ya mwisho. "Fundi mbovu," alisema, "anaanza na kabureta kwa sababu iko karibu na tumbo lake." Mimi nimeona mafundi wenye vyeti wakifungua kabureta mara tatu, kumbe kifuniko kimezibwa na tope la nyigu.

Jambo la pili alilonifundisha ni utomvu wa mkorosho. Hili nyinyi vijana mnalicheka, kwa kuwa sasa mnaona vibati vya gundi vyenye picha. Wakati wetu tangi likivuja kidogo tulisugua sabuni ya mche, likanyamaza. Likivuja kwenye mshono, na risasi ya kulehemu hakuna, tulikwenda shambani. Unakwangua utomvu ule wa manjano unaotoka kwenye gamba la mkorosho, unauloweka katika maji ya moto kidogo mpaka uwe kama uji, unaumimina ndani ya tangi na kulizungusha, na nje unabandika kitambaa kilicholowa huo huo. Halafu unalianika. Petroli haiuwezi utomvu wa mkorosho, hata ukae nayo miaka. Maji ndiyo yanauweza. "Siku tatu za jua," alisema Fundi Kondo. "Si siku tatu za kalenda." Mkumbuke hapo.

Baadaye tulihamia Kisarawe, juu mlimani, kwenye karakana iliyokuwa ikihudumia magari ya ofisi na ya watu. Fundi Kondo akafa huko huko, kwa homa, mwaka ambao watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Nikabaki mimi ndiye fundi wa mafuta. Sikustahili sana, ila wengine walikuwa hawapendi kunuka petroli.

Sasa nifike kwenye lile gari.

Sista Agnesi alikuwa mkunga. Si sista wa kanisa, ni sista wa wodini, ingawa kanisani kwao Walutheri alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Mama wa makamo, mnene kiasi, anaishi Kibaha, na kila Jumatatu na Alhamisi anakuja kliniki ya wajawazito Kisarawe. Daktari mmoja Mzungu aliporudi kwao alimwachia gari lake. Mtu mwingine angeachiwa baiskeli. Yeye aliachiwa gari la mashindano la Kiingereza, jekundu, viti viwili, paa la turubai, liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na mbuzi. Lilikuwa limeshazeeka, lakini lina kabureta mbili, na likinguruma Pugu wanalisikia Kisarawe. Watu waliliita Chura, na yeye wakamwita mama wa Chura.

Hilo gari mjamzito akiingia alikuwa anatolewa na watu wawili. Mmoja aligoma kutoka, akasema afadhali ajifungulie humo humo, na ingekuwa hivyo kama nisingeng'oa kiti.

Gari lile lilikuwa zuri kufundishia kazi. Pampu yake ya petroli ni ya umeme, iko nyuma ya kiti, na inaongea. Ukiwasha swichi inasema tiki tiki tiki upesi upesi, inajaza kabureta, halafu inanyamaza. Ikinyamaza imeshiba. Ikiendelea tiki bila kukoma inavuta hewa, au tangi limekauka. Isiposema kabisa, pointi zake za kugusisha umeme zimeungua, ipige kwa kisigino cha kiatu, itaamka, halafu siku ya pili uzisugue kwa msasa. Sista mwenyewe alijua kuipiga. Alikuwa na kiatu maalumu.

Mwaka wa habari hii petroli ilikuwa shida nchi nzima. Jumapili mchana gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani. Karakana yetu ilikuwa inapata mapipa machache, na mtunza mapipa alikuwa Mzee Kibwana. Huyu alikuwa mtu mzima wa pwani ya Mlandizi, kofia nyeupe, swala haimpiti. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kama hirizi. Akikupimia lita tano ni tano, hata kama wewe ni mkwewe. Basi mtu wa namna hiyo wakati wa shida hapendwi. Walionyimwa walikuwa wengi kuliko waliopewa.

Wakati wa masika tangi la Sista likaanza kuvuja kwenye mshono wa nyuma. Risasi hakuna, gesi ya kulehemu hakuna. Nikalishusha. Tangi lazima lisafishwe kwanza, na kawaida unalisuuza kwa petroli, lakini nani atampa Mzee Kibwana habari za petroli ya kumwaga chini? Nikalisuuza kwa maji, nikalipindua, maji yakatoka, nikaridhika. Nikapika utomvu, nikamimina, nikazungusha, nikabandika kitambaa. Nikalianika juu ya bati.

Siku ya kwanza jua lilitoka. Ya pili mvua. Ya tatu Sista akaja kwa basi, ameshika sanduku lake la kazi.

"Fundi Mwinshehe, gari langu."

"Sista, bado halijakauka."

Akaligusa. "Hili hapa kavu kama sahani."

"Kwa nje."

"Na mimi nina wanawake kumi na wawili Kibaha na Mlandizi ambao hawangojei kwa ndani wala kwa nje. Nifungie."

Nilifunga. Ningeweza kusema hapana. Fundi Kondo angesema hapana na kuendelea kunywa chai yake. Mimi niligonga tangi kwa kucha, likalia vizuri, nikajiambia litakaukia barabarani. Mzee Kibwana akaja na pipa, akapima, akamimina, akaandika, akafunga.

Jumatatu iliyofuata Sista akafika karakana kwa miguu, matope mpaka magotini. Gari limezimika kwenye ule mlima wa kutokea Pugu. Nikateremka na mkoba wangu. Pampu inaongea, lakini injini inakohoa tu. Nikafungua chini ya kabureta nikakinga katika chupa ya soda. Petroli juu, na chini vidole viwili vya maji.

Watu walikuwa wameshakusanyika, maana gari jekundu likikwama halikosi mashahidi. Nikaiinua chupa nikasema, "Ni maji."

Basi. Maneno mawili. Sikumtaja mtu. Lakini kabla sijafunika chupa mmoja akasema, "Mzee wa ufunguo huyo."

"Anatia maji, petroli inashuka mjini kwa shemeji zake."

"Kumbe ndiyo maana anaswali sana."

Nami nikafunga mkoba. Kabureta nikaisafisha, gari likawaka, likapanda. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika kwa Mwenyekiti wa kamati ya karakana, na Mwenyekiti akatangaza kikao Jumamosi. Wakati ule neno mhujumu lilikuwa rahisi kutamkwa na gumu kufutika. Mzee Kibwana akionekana ana hatia ataondolewa kazini, na kabla ya kuondolewa atasimamishwa mbele ya mkutano wa hadhara, na kofia yake ile.

Alikuja benchi kwangu Jumanne. Nikamwamkia, akaitika. Akasema, "Mwinshehe, pipa langu nalilaza ubavu, mvua haiingii. Nalifunga mwenyewe. Lori la korosho limejaza pipa hilo hilo, limekwenda Marui na kurudi. Limekohoa?"

"Halikukohoa, mzee."

"Basi maji yale yametoka wapi?"

"Naangalia, mzee."

"Angalia upesi. Mimi Jumamosi nina mahali pa kusimama."

Nikaangalia kweli. Nilifuata sheria ya Fundi Kondo nukta kwa nukta, isipokuwa nukta moja. Alhamisi Sista alipokuja nilikuwa namngojea chini mlimani. Kifuniko, kitundu kiko wazi. Pampu, pointi zinang'aa. Labda ni joto, petroli inachemka ndani ya bomba: nikazungushia bomba kitambaa cha maji. Labda ni mafuta ya taa yamechanganywa: nikatia tone kwenye karatasi, likaruka lote lisiache doa. Mnaona wenyewe nilivyokuwa hodari. Tangi sikuligusa. Tangi lilikuwa limetengenezwa na fundi ninayemwamini.

Akapanda. Pale mlima ulipolala, gari halikuwa na taabu. Mlima ulipoanza kusimama, likakohoa, likazima. Akaliachia lirudi chini kidogo, likawaka. Akapanda, likazima. Mara ya nne Sista akatoa kichwa.

"Fundi, toka njiani."

"Unakwenda wapi?"

"Juu. Lenyewe linataka kurudi nyuma, basi turudi nyuma."

Akaligeuza pale chini, akatia rivasi, akapanda mlima wa Kisarawe kinyumenyume, shingo ameigeuza kama bundi, sanduku la kazi limekaa kiti cha pili. Gari halikukohoa hata mara moja. Wanafunzi waliokuwa wanatoka shule walikimbia nao mpaka juu wakiimba. Mimi nilibaki katikati ya barabara na kitambaa changu cha maji.

Maana nilikuwa nimeshaelewa. Petroli iliyochanganywa na kitu imechanganyika yote, ukienda mbele mbovu, ukirudi nyuma mbovu. Kinachobadilika kwa kugeuza gari ni kitu kilicholala chini peke yake. Mdomo wa bomba katika tangi lile uko upande wa nyuma. Ukipanda mlima kwa mbele, maji yote yanatambaa nyuma, pampu inayanywa. Ukipanda kinyumenyume yanakimbilia upande wa pili. Kwa hiyo maji yamelala ndani ya tangi, na tangi lile mtu aliyelitia maji namfahamu.

Hata hivyo moyo wa mtu una mawakili. Nikajiambia, hata maji ya pipa yangelala chini vilevile. Nikaenda kliniki, gari limesimama kivulini, nikachukua maji mengine ya tangini kwenye chupa yangu. Nikatia vidole viwili, nikavisugua. Maji ya mvua yanateleza na kukauka. Haya yalikuwa na uzi. Vidole vikashikana. Nikanusa, nikasikia shamba la mikorosho. Utomvu ambao haujakauka ulikuwa unayeyuka kidogo kidogo katika maji niliyoyaacha mimi mwenyewe. Nikaenda stoo, nikamwomba Mzee Kibwana kidogo cha pipani. Akanipa bila kuuliza. Safi, kavu, hakuna kitu chini.

Hapa ndipo ninaposita kuandika, lakini mliniambia niandike. Hiyo ilikuwa Alhamisi saa nane mchana. Mzee Kibwana alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia, "Ahsante, mzee," nikaondoka na chupa mbili mfukoni. Nilikuwa na watoto sita. Nilifikiri, fundi wa mafuta aliyetia maji kwenye mafuta, nani atampa tena hata baiskeli? Ijumaa tuliswali safu moja, bega kwa bega. Tulipotoa salamu ya mwisho nikamgeukia kulia nikamsalimu kama inavyotakiwa, na sikusema.

Jumamosi tulikaa kwenye mabenchi chini ya bati. Mwenyekiti alikuwa na karatasi. Mzee Kibwana amekaa peke yake, ameshautoa ufunguo shingoni, ameuweka mezani kabla hajaambiwa. Nadhani ni ule ufunguo ndio ulioniinua. Shingo yake ilikuwa na alama nyeupe ya kamba.

"Mwenyekiti, maji yale ni yangu."

"Keti, Fundi. Zamu yako ya ushahidi haijafika."

"Sitoi ushahidi. Nasema ni yangu. Nilisuuza tangi kwa maji, sikulikausha. Nikaziba kwa utomvu, sikuungoja."

Nikaweka chupa mbili mezani, ya tangi na ya pipa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutaka kushika. Akatia kidole kwenye ya kwanza, akakisugua, akatia kwenye ya pili. Halafu akachukua karatasi yake, nayo ikamng'ang'ania kidole. Akaitikisa, haikutoka. Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Kwa hiyo ulitia maji kwa makusudi?"

"Kwa haraka."

Sista Agnesi, aliyekuja kulalamika, akainuka. "Haraka ilikuwa yangu, Mwenyekiti. Mimi ndiye niliyemsukuma."

"Yako ilikuwa ya mdomo, Sista," nikamwambia. "Mikono ilikuwa yangu."

Mwenyekiti akaibandua karatasi, ikachanika. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi ile. "Alhamisi."

Hapo hakucheka mtu. Mzee Kibwana akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo wake, akauvaa, akatoka kwenda kufungua stoo, maana lori lilikuwa linangoja.

Mimi nilirudishwa kuosha vyuma kwa muda, na haikuniudhi, kwani nazijua nati. Gari la Sista lilikaa. Niliambiwa nilimalize kwanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua utomvu. Nikalishusha tangi, nikaliosha kwa maji ya moto mpaka utomvu wote ukatoka. Safari hii wa kunipa petroli ya kusuuzia hakuwepo, nami sikuomba. Nilililaza kwenye mchanga wa moto, mdomo wazi, nikangoja mvua ziishe ndipo nianze upya.

Kilichokuwa kigumu ni asubuhi. Nafika kazini, Mzee Kibwana yuko mlangoni pa stoo. "Shikamoo, mzee." Ananitazama, anaangalia pipa. Kesho yake, "Shikamoo, mzee." Kimya. Mtu mzima asipoitika shikamoo yako inabaki mkononi, huna mahali pa kuiweka. Sista alikuwa ameshamwomba radhi, akasamehewa siku hiyo hiyo. Watu wa shemeji na swala walikuja na maneno yao, nao wakasamehewa. Mimi nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa.

Niliendelea kumwamkia. Mvua zikaisha. Tangi nikaliziba, nikalianika juu ya bati, na safari hii jua lilikuwa linatoka kila siku. Asubuhi moja nilikuwa nimepanda ngazi kuliteremsha, nikamwona anapita chini na debe lake tupu.

"Shikamoo, mzee."

Akasimama. Akalitazama tangi, si mimi.

"Marahaba. Limekaa jua siku ngapi?"

"Tatu, mzee. Za jua."

"Liache na ya nne."

Nikashuka, nikaliacha.